Majina Yao Yasipotee

Kila tarehe 25 Julai Taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa penye mnara, tarumbeta hulia, na viongozi huinamisha vichwa. Heshima hiyo ni njema, na iendelee. Lakini mnara haumjui kila aliyekwenda vitani. Amjuaye ni jirani yake wa Handeni au wa Korogwe.

Nchi hii imekwisha kuona yanayowapata watu wasioandikwa. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliwafukuza Wajerumani kwa kufuata mto Pangani, yakaingia Korogwe, kisha Handeni. Nyuma ya bunduki za pande zote mbili walikuwako wapagazi wa Kiafrika, wamejitwika chakula na risasi za wageni. Katika vita ile wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, yawakumbuka kwa jumla. Jina la hata mmoja halimo. Je, ni ukoo gani katika Uzigua uwezao leo kumtaja mpagazi wake?

Kosa hilo lisirudiwe. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, Jeshi la Wananchi halikupigana peke yake. Wanamgambo kwa maelfu waliacha majembe na mitambo wakashika bunduki, hata Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Wako mashujaa wa vita hiyo waliolala Kaboya, mkoani Kagera. Waliorudi sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua.

Watakuwako watakaosema kwamba kazi hii ni ya Serikali, na kwamba jeshi lina madaftari yake. Ni kweli linayo. Lakini daftari la jeshi halikai kijijini, wala mjukuu halisomi.

Basi twatoa shauri. Kila tawi la Chama katika wilaya hizi mbili lifungue daftari, liandike jina la kila aliyekwenda, kijiji chake, na kama alirudi. Vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa walioko kambi ya Mgambo, Handeni, wafae kuombwa msaada. Na anayeandika akiona nyumba ya mzee inavuja, tawi lisingoje 25 Julai. Likusanye watu, likaezeke.

Shujaa husifiwa kwa ngoma siku moja. Huheshimiwa kwa jina lake kujulikana siku zote.