Wajibu wa Mwenye Kuunda Motokaa

Bei ni ahadi. Mtu atakaye shilingi mia kwa kitu huahidi kwamba kitu hicho kina thamani ya shilingi mia. Atakaye shilingi milioni nane huahidi makubwa zaidi, na uzito wa ahadi yake hupanda pamoja na bei. Mama auzaye ndizi sokoni Kiogoro analijua jambo hili bila kufundishwa. Mkungu ukionekana umeoza ndani, mnunuzi huurudisha kesho yake, na mama humpa mwingine au humrudishia fedha zake, kwa kuwa anataka kumwuzia tena keshokutwa. Ni ajabu basi kwamba yapo makampuni yenye viwanda vikubwa na maelfu ya wahandisi ambayo husita kufanya kile ambacho mama huyu hukifanya bila mkataba wala wakili.

Nataka kusema nawe, msomaji, juu ya motokaa ya thamani kubwa ambayo injini yake hufa kabla ya wakati, na juu ya mtu apasaye kuilipa hasara hiyo. Yamkini utasema kwamba wewe ni mwanafunzi, huna motokaa, na habari hii ni ya matajiri. Subiri kidogo, kisha uamue.

Chukua mfano huu. Tuseme mtu wa Kiogoro, katika Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii, ameweka akiba kwa miaka kumi. Ameuza ndizi, amepokea bonasi ya chai, na mwishowe amekopa katika chama cha ushirika. Ananunua motokaa mpya, kubwa na ya bei ghali, aikodishe kwa wasafiri, na kwa mapato yake alipe mkopo na karo za watoto wake. Motokaa ile ilisifiwa kwa nguvu zake za kupanda milima, na milima ndiyo mali tuliyo nayo kwa wingi katika nchi ya Wagusii. Anabadilisha oili kwa wakati. Hapakizi kupita kiasi. Katika mwaka wa nne, ikiwa imekwenda kilomita 70,000, injini inaanza kugonga kama mtu apigaye nyundo ndani ya debe. Mafundi wanasikiliza, wanatikisa vichwa na kusema imenoki. Muuzaji anamwambia kwamba dhamana ilikuwa ya miaka mitatu, nayo imekwisha. Anunue injini nyingine kwa fedha zake. Mkopo unaendelea kudai. Karo inaendelea kudai. Je, nani alipe?

Mimi nasema alipe aliyeunda injini ile, maadamu mwenye motokaa alitimiza wajibu wake wa kuitunza. Nasema hivyo kwa sababu wajibu hufuata ujuzi. Anayejua yaliyomo ndiye wa kuulizwa juu ya yaliyomo.

Fikiri juu ya mchongaji wa Tabaka, auzaye sanamu za mawe laini. Ukitaka kununua sanamu yake, unaitwaa mkononi, unaigeuza na kuitazama juani. Ufa ukiwapo, una nafasi ya kuuona. Injini haina nafasi hiyo. Ndani yake mna chuma kirefu kiitwacho krenki, kizungukacho maelfu ya mara kwa dakika. Krenki hushikwa na beringi, na kati ya krenki na beringi hupita utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio uhai wa injini. Chembe ya chuma ikisahauliwa ndani kiwandani, wakati vyuma vilipokatwa na kutobolewa, yaweza kukwaruza beringi au kuziba njia ya oili. Joto hupanda, beringi huliwa, na siku moja injini hugonga, kisha husimama. Hapana mnunuzi duniani awezaye kuiona chembe ile siku ya kununua. Wahenga walituonya tusikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini kila anunuaye motokaa hana budi kununua gunia lililofungwa. Aliyelifunga pekee ndiye ajuaye kama aliyemo ni mbuzi au paka.

Usidhani ya kuwa nasimulia jambo la kubuni. Mwezi wa Mei 2024 kampuni ya Toyota, ambayo jina lake linajulikana katika kila kijiji cha Afrika Mashariki, ilitangaza huko Marekani kwamba motokaa zipatazo 100,000, yaani Tundra na Lexus LX za miaka ya 2022 na 2023, huenda zilibaki na mabaki ya chuma ndani ya injini tangu kiwandani. Baadaye ikasema itabadilisha injini zenyewe bila malipo. Lexus LX ni motokaa ya wenye fedha nyingi. Hata hivyo ghali yake haikuizuia chembe isiingie. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2014, motokaa mbili za Porsche za aina ya 911 GT3 zilishika moto Ulaya, kwa sababu ya skrubu iliyolegea ndani ya injini. Kampuni haikusema kwamba ni bahati mbaya ya watu wawili. Iliwaambia wenye motokaa zote 785 za toleo lile wasiziendeshe, kisha ikabadilisha injini zote. Huo ndio uungwana wa kazi, nao wathibitisha kwamba jambo ninalolidai lawezekana.

Lakini uungwana hauji daima kwa hiari. Mwaka 2015 kampuni ya Hyundai iliita motokaa zake zipatazo 470,000 huko Marekani zirudi kukaguliwa, kwa ajili ya mabaki ya chuma yaliyoharibu beringi. Mwaka 2017 Hyundai na ndugu yake Kia zikaita nyingine zaidi ya milioni moja. Kati ya miaka hiyo miwili mhandisi wa Hyundai mwenyewe, Kim Gwang-ho, aliipelekea serikali ya Marekani habari za ndani kwamba kampuni ilikuwa haikushughulikia kasoro ile kama ilivyopasa. Alifukuzwa kazi. Mwaka 2020 makampuni hayo mawili yalikubali kubeba adhabu ya jumla ya dola milioni 210, na mwaka 2021 serikali ya Marekani ikamtunza mhandisi yule zaidi ya dola milioni 24. Zingatia, msomaji, mahali ilipokuwa habari. Ilikuwa ndani ya ofisi za kampuni. Dereva aliyesimama kando ya barabara, boneti juu na moshi usoni, alikuwa wa mwisho kuipata.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana hoja isiyopingwa haijapimwa.

Wa kwanza husema: dhamana ilikwisha, na mkataba ni mkataba. Namjibu kwamba tarehe ya dhamana ni kipimo cha uchakavu, na si msamaha wa kasoro. Tairi huchakaa, na breki huchakaa. Hapana mwenye akili awezaye kudai tairi jipya baada ya miaka minne. Injini iliyotoka kiwandani na chembe ndani yake haikuchakaa. Iliuzwa ikiwa mgonjwa, na ugonjwa ulingoja dhamana ife kwanza. Kasoro iliyozaliwa kabla ya mauzo haiwezi kusafishwa na kalenda.

Wa pili husema: nyinyi mlinunua kwa wakala wa Nairobi, sisi wenye kiwanda hatukupatana nanyi. Hoja hii ni kongwe, na ilikwisha kushindwa zamani. Mwaka 1916, katika jimbo la New York, Donald MacPherson aliumia wakati gurudumu la motokaa yake ya Buick lilipovunjika, kwa kuwa lilikuwa la mbao mbovu. Kampuni ilijitetea kwamba ilimwuzia wakala, haikumwuzia yeye, na kwamba gurudumu lilitengenezwa na wengine. Jaji Benjamin Cardozo alikataa utetezi huo. Shauri lile lilihusu mwili ulioumia, lakini mzizi wake unatufaa: mwenye kuunda anajua kwamba wakala hanunui motokaa ili aipande, yupo mtu nyuma yake, na mtu huyo ndiye atakayeitumia.

Wa tatu husema: madereva wenu huua injini kwa oili mbaya na uvivu. Hoja hii ina ukweli, nami sitauficha. Yuko mtu anunuaye motokaa ya mamilioni, kisha akaibania oili ya shilingi elfu chache. Wako waonao taa nyekundu ikiwaka mbele yao na kuendelea na safari mpaka Keroka. Mtu kama huyo asidai kwa yeyote; aliivunja ahadi upande wake. Lakini kosa la mzembe lisiwe fimbo ya kumpigia mwangalifu. Ikiwa kampuni yasema dereva ana hatia, na ifungue injini mbele yake, ioneshe oili iliyooza na ushahidi wa uzembe. Yenyewe ina vipimo, ina wahandisi, na ina michoro. Mnunuzi ana stakabadhi zake tu. Ni haki gani kumtwika asiye na chombo kazi ya kupima?

Wa nne husema: haya ni manung'uniko ya matajiri. Huyu nilimwahidi jibu tangu mwanzo. Mtu wetu wa Kiogoro si tajiri. Alinunua kitu ghali kwa mkopo, na injini yake ilipokufa, watoto wake walirudishwa nyumbani kwa karo. Tena kanuni ni moja kwa kitu kikubwa na kidogo. Mwaka 2024 wakulima wa Kenya walijikuta wameuziwa mbolea isiyofikia kiwango katika mpango wa ruzuku wa serikali. Mfuko wa mbolea nao ni gunia lililofungwa. Tukimwachia mwenye kiwanda cha motokaa asijibu, tutakuwa tumemfundisha mwenye kiwanda cha mbolea, cha dawa na cha simu kwamba kufunga gunia kunatosha.

Je, sheria yetu inasemaje? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kufaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikafuata. Maneno hayo ni mazuri, lakini maneno mazuri hayafungui injini. Mzigo wa kuthibitisha ukibaki kwa mnunuzi, itampasa akodi mtaalamu, alipe wakili na kungoja mahakama, huku motokaa ikiota kutu uani na riba ikiongezeka.

Wenzetu wamepata njia. Jimbo la Connecticut huko Marekani lilitunga mwaka 1982 sheria iliyolenga motokaa mpya zisizotengenezeka, ambazo Wamarekani huziita malimau kwa uchungu wake. Majimbo mengine yakafuata. Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2019 kwamba kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka mmoja, ihesabiwe kuwa ilikuwapo siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Nataka kwetu iwepo sheria ya namna hiyo, na kwa injini nataka muda wake uwe mrefu zaidi, kwa kuwa injini haikuumbwa kuishi mwaka mmoja.

Iko pia haki ya anunuaye motokaa iliyotumika, kwa maana motokaa nyingi ziingiazo Kenya zimetumika kwanza ng'ambo. Kanuni hukataza zilizozidi umri wa miaka minane, na hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Lakini ukaguzi huo haupasui injini. Hapa muuzaji ajibu kwa alilolijua akalificha. Wala mwenye kuunda asijifiche nyuma ya bahari. Nambari ya chesisi haibadiliki motokaa ikivuka maji. Ikiwa injini ile imeitwa irudi kule ilikouzwa kwanza, iitwe na huku, na itengenezwe huku bila malipo.

Vijana, katika nyinyi watatoka wahandisi, mawakili, wafanya biashara na wabunge. Atakayekuwa mnunuzi aweke stakabadhi ya kila oili aliyomwaga, kwa kuwa adaiye haki lazima aje na mikono safi. Atakayekuwa mbunge atunge sheria impayo mzigo yule mwenye nguvu za kuubeba. Na atakayekuwa mhandisi, siku atakapoiona chembe ya chuma ndani ya injini na kuambiwa na mkubwa wake afunge kifuniko, akumbuke kwamba upande wa pili wa kifuniko kile yuko mtu aliyeweka akiba miaka kumi, naye hana macho mengine ndani ya injini ila yake yeye mhandisi.