USIACHE DAWA YA HOSPITALI KWA SABABU YA KAPSULI



Leo tuseme wazi juu ya kapsuli za probiotiki, yaani bakteria wazuri wanaouzwa kwenye chupa. Tunaambiwa ukizimeza tumbo litatulia na msongo wa mawazo utaisha. Wengine wanaongeza kwamba dawa za hospitali uziache. Hapo mimi kama mchungaji nasema HAPANA.

Soma 1 Wafalme 19. Elia amechoka, ameketi chini ya mti jangwani, anamwomba Mungu amtwae. Mungu hakumkemea kwamba hana imani. Alimtuma malaika na mkate na maji. Elia akala, akalala, akala tena. Kwa hiyo tumbo na akili zinahusiana. Aliyetuumba aliziunganisha, na madaktari wanaijua mishipa ya fahamu inayotoka tumboni hadi kwenye ubongo.

Lakini angalia vizuri. Mkate haukumaliza shida ya Elia. Alitembea siku 40 mpaka Horebu, na kule bado alikuwa na uchungu uleule. Mungu akamuuliza, akamwacha aseme yaliyo moyoni, tena mara mbili. Kisha akampa Elisha awe pamoja naye. Elia alihitaji chakula, alihitaji kusikilizwa, na alihitaji mwenzake. Chupa haiwezi kukupa hayo yote.

Je, probiotiki ni uongo? La. Aina fulani husaidia kuzuia kuharisha kunakoletwa na antibayotiki. Lakini mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipitia tafiti, na kwa magonjwa mengi ya tumbo hakikuzipendekeza. Kwa huzuni nzito, tafiti nyingi ni ndogo na matokeo yanatofautiana.

Utaambiwa pia kwamba karibu asilimia 90 ya serotonini, kemikali inayohusishwa na hisia zetu, hutengenezwa tumboni. Ni kweli. Ambalo huambiwi ni kwamba serotonini hiyo ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Na kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, bakteria hao wanaweza kuingia kwenye damu na kumletea maradhi makubwa.

Ukitaka bakteria wazuri, kuna maziwa mala na yogati. Kule Mwanza, mwaka 2004, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza yogati ya probiotiki kwa ajili ya jamii yao. Hicho ni chakula. Kile nawe kama chakula, usikigeuze kuwa mganga.

Mpendwa wangu wa Funzi, najua msimu wa kusi ukifika bahari huchafuka na pesa huwa ngumu. Pesa ya chupa hiyo inaweza kukuvusha kwa mashua mpaka Bodo na kukufikisha hospitali ya Msambweni. Tumia pesa hiyo kwa safari hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kama unameza dawa za msongo wa mawazo, usiziache ghafla. Zungumza na daktari wako kwanza.

2. Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au umeharisha kwa muda mrefu, nenda ukapimwe.

3. Ukiwaza kufa, mwambie mtu LEO, na mfike hospitali pamoja. Kwangu hutahukumiwa. Elia aliomba kufa na bado alikuwa nabii wa Mungu.

4. Usiuze saplimenti madhabahuni kwa jina la uponyaji.

Tutaendelea kuombea wagonjwa, na Mungu anaponya. Lakini Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Maombi na hospitali havipigani.

Bwana akulinde, mwili na akili. Nani unayemjua amenyamaza siku hizi? Mtembelee leo, mpelekee chakula, umsikilize. Andika AMINA, kisha uende.