Ukishuka Kitale, usikubali kuuzwa

Ukishuka Kitale mara ya kwanza, usisimame katikati ya steji ukitazama juu. Nakwambia hivi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikutazama.

Nilipoacha chuo nilipiga debe huko miezi minne. Mgeni tulimjua kabla hajafungua mdomo: mkoba kifuani, simu mkononi, macho yanatafuta kibao cha nauli. Kibao hakuna. Kwa hivyo anauliza mtu, na huyo mtu ni mimi. "Bungoma? Ingia hii, moja kwa moja, imebaki mmoja tu!" Anaingia, anakuta watu sita. Wawili kati yao ni wenzangu, wamelipwa kidogo wakae ili gari lionekane linajaa.

Kitale haikwepeki. Barabara ya Eldoret, ya Webuye, ya Kapenguria hadi Lodwar, na ya Endebess kuelekea mpaka wa Suam, zote zinakutana hapo. Reli ilifika 1926, lakini usingojee treni. Matatu ndiyo kila kitu. Sisi wa Malakisi tunajua kwamba kupata gari moja la kukufikisha nyumbani ni bahati. Unashukia Kamukuywa, unakata Kimilili, Chwele, Sirisia, ndipo uone kwenu. Ama unazunguka Webuye na Bungoma. Na kila unapobadilisha gari, kuna mtu anayeweza kukuuza.

Kama hujawahi kuuzwa, hivi ndivyo inavyokuwa. Umelipa hadi Bungoma. Mkifika Webuye mmebaki watatu, dereva anaona hasara. Makanga anaita gari lingine, anawapa nauli yenu pungufu, inayobaki anaweka mfukoni. Wewe unabanwa kiti cha nyuma na gunia la mahindi. Hiyo ni siku nzuri. Siku mbaya, makanga wa pili anakwambia hakupewa kitu, na lile la kwanza limeshageuza.

Kukhu wangu alikuwa ametoka kliniki Kitale. Alitozwa Sh100 zaidi, akaahidiwa gari la moja kwa moja, akaachwa Webuye jua likizama bila nauli ya mara ya pili. Alifika nyumbani usiku kwa bodaboda tuliyomlipia mlangoni. Akiwa anatusimulia, akamwiga kijana aliyempakia: "Imebaki mmoja tu!" Watu wote sebuleni walicheka. Si mimi niliyempakia, siku hiyo sikuwa kazini. Lakini maneno yalikuwa yangu, hata ule mvuto wa sauti. Sikurudi steji tena.

Sasa usidhani nataka uwachukie manamba. Wengi ni vijana kama mimi na wewe, wanalipwa kwa gari wanalojaza, na gari lisipojaa hawali. Shida ni kwamba nauli inakaa kichwani mwa mtu anayefaidika ukidanganywa. Hapa Kenya serikali haipangi nauli ya matatu; wenye magari ndio wanaopanga. Sawa, wapange. Lakini waiandike.

Nishaambiwa haiwezekani, eti mafuta hupanda na kushuka. Mafuta gani? EPRA hutangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, mji kwa mji, na kituo cha petroli kinaweka bei pale nje uione ukiwa barabarani. Kama lita inaandikwa, kiti kinashindwaje? Mvua ikinyesha au shule zikifunguliwa na mkaongeza, futeni, andikeni upya. Chaki si ghali.

Hata mwaka wa 2004 tuliambiwa haiwezekani, wakati waziri John Michuki alipotaka mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano. Magari mengi yaliegeshwa, watu wakatembea kwa miguu, kisha yakarudi na mstari umeshachorwa. Njia ya gari ikaandikwa ubavuni. Bei ndiyo iliyosahaulika.

Na anayefaa kununua hiyo chaki anajulikana. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya usafiri wa umma wa barabarani. Magari yanalipia steji. Hizo pesa zikishindwa kununua ubao mmoja kwa kila foleni ya magari, zinanunua nini?

Kabla ubao haujaja, jilinde. Nauli muulize mama wa chai, si anayekuvuta mkono. Ndani ya gari tafuta wenye mizigo. Aliyelipwa kukaa hana hata karatasi ya mkate. Usimpe pesa mtu wa dirishani, mpe makanga gari likishaondoka. Uliza mbele ya watu, "Hii inafika Bungoma ama inaishia Webuye?" Jibu likisikiwa na abiria kumi ni vigumu kulikana. Na wakikuuza, usishuke mpaka uone kwa macho yako nauli ikipita mkono hadi mkono.

Kukhu ana njia yake. Siku hizi kabla ya kliniki ananiita nimwandikie nauli ya kila kipande kwenye karatasi: Malakisi hadi Chwele, Chwele hadi Kimilili, hivyo hivyo hadi Kitale. Makanga akitaja bei, kukhu anafungua karatasi polepole na kumwonyesha. Wanacheka, wanamwita mama wa kaunti. Mara nyingi wanachukua ile iliyoandikwa.