Aliyefundishwa Kusoma Aachwe Aseme

Wazee walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Usemi huo hutumiwa kwa adui; leo twautumia kwa rafiki. Nchi ya Kuba ina mapenzi makubwa katika chama chetu, na kwa sababu hiyo yafaa tuseme habari zake kwa ukweli.

Wapo wanaodai kuwa kabla ya mwaka 1959 Wakuba walikuwa watu huru. Sivyo. Utumwa katika mashamba ya miwa ulikomeshwa mwaka 1886 tu, chini ya Hispania. Jamhuri ilipozaliwa mwaka 1902, katiba yake ilibebeshwa kifungu kilichotungwa Washington, kikiipa Marekani ruhusa ya kuingilia mambo ya nchi. Nacho hakikufutwa mpaka mwaka 1934. Mwaka 1912, weusi waliounda chama cha kudai usawa waliposimama kupinga kupigwa marufuku, jeshi liliwaua kwa maelfu. Kweli, Katiba ya mwaka 1940 iliandika mambo mema: kazi ya saa nane kwa siku na haki ya kugoma. Lakini Machi 10, 1952, Fulgencio Batista aliipindua serikali kabla ya uchaguzi, na katiba ikawa karatasi.

Mapinduzi ya Januari 1, 1959 yalitenda makubwa. Mkulima alipata ardhi. Mweusi alifunguliwa milango aliyofungiwa. Mwaka 1961 vijana zaidi ya 100,000 walikwenda vijijini, na watu wazima zaidi ya 700,000 wakajifunza kusoma na kuandika. Wala hatusahau askari wa Kuba waliosimama na Angola tangu mwaka 1975 dhidi ya majeshi ya makaburu. Haya si haba, na asiyeyataja ni mwongo.

Basi twauliza: aliyefundishwa kusoma, asome nini? Aliyefundishwa kuandika, aandike wapi? Mwaka 1953, akijitetea mahakamani, Fidel Castro aliahidi kuirudisha Katiba ya mwaka 1940. Haikurudi. Magazeti yalitwaliwa, chama kikabaki kimoja, na haki ya kugoma haikuandikwa katika Katiba ya mwaka 1976 wala ya mwaka 2019.

Katiba hiyo ya 1976 iliruhusu wananchi 10,000 kupendekeza sheria kwa sahihi zao. Mwaka 2002, Oswaldo Payá na wenzake walipeleka Bungeni sahihi zaidi ya 11,000, wakiomba uhuru wa kusema na wa kukutana. Hawakushika bunduki, walishika kalamu. Jibu lilikuwa kubadili katiba ili ujamaa usibadilike kamwe, na Machi 2003 wapinzani 75 walitiwa mbaroni, wengi wao wakiwa wakusanyaji wa sahihi hizo. Tena Julai 11, 2021, maelfu walipotoka barabarani kwa ajili ya chakula, dawa, umeme na uhuru, mamia walifungwa, ingawa Katiba ya mwaka 2019 yataja haki ya kuandamana.

Tutaambiwa: na vikwazo vya Marekani, je? Twavilaani, kama Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilivyovipinga mara nyingi tangu mwaka 1992. Vikwazo vyaweza kumnyima Mkuba unga na dawa. Lakini ufunguo wa gereza la Kuba hauko Washington.

Wala si kwamba serikali ya Kuba haiwezi kulegeza kamba. Mwaka 2013 iliondoa kibali cha kutoka nchini. Septemba 2022 wananchi walipigia kura sheria mpya ya familia. Theluthi moja walisema hapana, na nchi haikubomoka.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, sisi tuandikao katika gazeti la chama twaijua vema hatari hii, kwani kalamu yetu yaweza kuzoea kusifu hata isahau kusikiliza. Shule na hospitali ni haki ya mwananchi, si malipo ya kumnyamazisha. Chama kilichozaliwa na malalamiko ya wanyonge kikianza kuogopa malalamiko yao, kimekwisha kusahau kilikotoka. Heshima kubwa tuwezayo kuwapa wana wa Kuba ni kudai kwamba tumbo lao lishibe na kinywa chao kiwe huru, vyote viwili, siku moja.