Mti Usiohesabiwa

Wasomaji wenzangu, kabla sijasema neno la kuyalaumu makaa yanipasa nikiri jambo moja. Karo yangu ya Kidato cha Tatu na cha Nne ilitoka katika tanuri. Baba yangu mdogo alikata miti kwenye ardhi ya ukoo wetu huku kaskazini ya Uganda, akaifukia kwa majani na udongo, akakesha akilinda moto usipate mwanya, kisha akamwuzia mwenye lori magunia. Basi simwandiki mchoma makaa kana kwamba ni mwizi. Hata posho tulayo hapa shuleni yapikwa kwa kuni, na sijaona mtu aliyekataa sahani yake kwa ajili hiyo.

Muhula huu tulifanya mdahalo: je, mambo ya kuni na makaa yaachiwe soko huria, au serikali iyakataze? Mimi nilisimama upande wa soko. Tulishindwa kwa kura nyingi, na tangu siku ile nafikiri kwamba pande zote mbili tulikosea.

Wapinzani wetu walitegemea amri ya Rais ya Mei 2023, iliyokataza makaa ya biashara katika sehemu zetu. Nia ya amri ile ilikuwa njema, maana mwaka 1990 misitu ilifunika karibu robo ya nchi hii, na kufikia 2015 ilikuwa imebaki kama asilimia 9 tu. Lakini likizo iliyopita nimeyaona kwa macho yangu malori yakielekea kusini usiku, yamefunikwa maturubai, na aliyedhani yamepakia mihogo hajapata kunusa gunia la makaa. Bei mjini hupanda, na nyongeza ile huingia mfukoni mwa wenye kuyapitisha malori. Mti haupati hata senti.

Haya, na sisi wa soko? Hebu tulihesabu gunia. Mwenye lori hulipa kazi ya mchomaji, gunia lenyewe, dizeli, ushuru, na chai ya njiani. Mti wenyewe huhesabiwa kama mvua, kitu kilichoanguka tu kutoka mbinguni. Na miti yenyewe si sawasawa. Kwetu kuna mti wa shea, ambao kwa Kiacholi twauita yaa. Hukaa miaka kumi na mitano, hata ishirini, kabla ya kuzaa vizuri. Baada ya hapo huzaa miaka mingi kupita umri wa mtu. Wanawake huokota kokwa zilizoanguka, huzikamua mafuta ya kupikia na ya kujipaka, na yanayozidi huuzwa sokoni. Makaa yake ni mazito na hukaa na moto, nayo ndiyo balaa yake.

Baba mdogo aliangusha miti mitatu ya namna hiyo. Fedha ilikuja kwangu, lakini kokwa zilizopotea zilikuwa za bibi yangu, wala hakuna aliyemwuliza. Msimu uliofuata alitwaa kikapu chake akaenda kuomba ruhusa ya kuokota katika ardhi ya ukoo mwingine. Basi mtu asiniambie kwamba biashara ile ilikuwa ya hiari. Mwuzaji alikubali, mnunuzi akakubali, na aliyepata hasara hakuwapo.

Katika mdahalo nilitaja Marekani kwa sauti kubwa. Mwaka 1990 nchi ile ilitunga sheria juu ya moshi wa salfa utokao katika mitambo ya umeme ya makaa ya mawe, ule uletao mvua ya asidi. Serikali ilipanga jumla ya moshi, ikagawa vibali, na kuanzia 1995 wenye mitambo wakauziana vibali wao kwa wao. Aliyeweza kupunguza moshi kwa gharama ndogo aliupunguza zaidi, akamwuzia mwenziwe kibali kilichobaki. Moshi ulipungua sana, tena kwa gharama ndogo kuliko ilivyotazamiwa. Nililoliruka ni kwamba kipimo kiliwekwa kwanza, na vyombo vya kupimia vikatiwa katika madohani. Soko lilikuja nyuma yake. Sisi twataka soko bila kipimo, na wapinzani wetu wataka amri bila mpimaji.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Huko Bushenyi, magharibi ya nchi yetu, tangu 2003 wakulima wadogo wamelipwa kwa kupanda miti ya asili, kwa fedha za makampuni ya ng'ambo yatakayo kufidia moshi wao. Hulipwa kidogo kidogo, miti ikisha kukaguliwa kwamba i hai. Na kwa ardhi ya ukoo kama yetu, Sheria ya Ardhi ya 1998 yaruhusu wenye ardhi kuandikisha chama chao, na yataka angalau theluthi ya kamati yake wawe wanawake. Chama cha namna hiyo chaweza kuhesabu kila mti wa shea na kukataa kuuuza. Chaweza pia kutenga miti iotayo upesi kwa ajili ya makaa, na kumtoza mwenye lori kwa kila mti aukatao.

Mtu wa Kampala atanijibu kwamba gunia litapanda bei. Ndiyo, litapanda. Lakini limekwisha kupanda kwa sababu ya amri, na heri nyongeza hiyo impate mwenye kupanda miti kuliko mwenye kupitisha malori usiku. Tena mjini kuna umeme, na tangu 2022 umewekwa bei nafuu kwa wapikao nao. Kwetu waya haujafika.

Likizo ijayo baba mdogo ataniuliza karo ya muhula wa mwisho itatoka wapi. Nitamwomba anipeleke kwa wazee niwasomee sheria ile, na bibi awepo. Miti ya shea iliyosalia kwetu ni kumi na mmoja. Nimeihesabu mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita