Mwenye Blogu Asiwe na Mnunuzi Mmoja

Wananchi wa Mufindi hawahitaji kufundishwa maana ya kumtegemea mnunuzi mmoja. Wazee waliolima pareto katika nyanda hizi wanakumbuka jinsi zao hilo lilivyotafutwa na nchi za nje, na jinsi lilivyokuja kuachwa. Maua hayakupoteza nguvu zake, udongo haukubadilika, wala mkulima hakugeuka mvivu. Kilichotokea ni kwamba viwanda vya ng'ambo vilipata dawa za kuulia wadudu zilizotengenezwa kwa kemikali, na uamuzi uliofikiwa katika maabara za mbali ukaingia jikoni kwa mtu ambaye hakuulizwa neno. Aliyekuwa na viazi, mahindi na miti pembeni alitikisika. Aliyekuwa na pareto tupu alianguka.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu linajirudia kwa sura nyingine, na safari hii linawahusu watu wa kalamu. Katika miji yetu, Mafinga ikiwa mojawapo, wapo walimu na watumishi wa umma ambao baada ya saa za kazi huandika katika blogu. Wapo wanaoweka maelezo ya masomo kwa ajili ya wanafunzi, wapo wanaokusanya matangazo ya nafasi za kazi, na wapo wanaowaeleza wazazi namna ya kuomba mkopo wa elimu ya juu. Kazi hiyo ni njema na hatuna budi kuisifu. Lakini baadhi yao wameanza kuihesabu kuwa ndiyo riziki yenyewe, hata kufikiria kuacha ajira au kukopa fedha kwa tumaini la mapato ya blogu peke yake. Hapo ndipo tunapoona hatari.

Utaratibu wa mapato hayo ni huu. Mwandishi huandika, msomaji hufungua ukurasa, na kampuni ya Google, kwa mpango wake uitwao AdSense ulioanza mwaka 2003, huweka matangazo katika ukurasa huo na kumgawia mwandishi sehemu ya fedha za watangazaji. Mapato yakifika dola 10, kampuni hutuma kwa posta barua yenye tarakimu za siri ili kuhakikisha anwani ya mwandishi. Mwalimu anayetumia sanduku la posta la shule ajaliwe subira. Malipo yenyewe hayatolewi mpaka yatimie dola 100. Mwenye kupata dola nane kwa mwezi atangoja miezi kumi na mitatu kabla ya kuona senti moja, na katika miezi hiyo atakuwa amenunua vifurushi vya mtandao na kulipia jina la tovuti yake kutoka katika mshahara.

Tena bei ya tangazo hupangwa kwa mnada. Msomaji aliye Marekani hugombewa na makampuni mengi, na msomaji aliye Ifwagi au Mgololo hugombewa na machache. Kwa hiyo makala iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, ikawasaidia wanafunzi elfu moja kuielewa hesabu ya sehemu, inaweza kuingiza fedha kidogo kuliko makala ya ovyo ya Kiingereza iliyosomwa na watu mia moja wa ng'ambo. Mnada huo haupimi faida ya makala kwa jamii. Hupima mfuko wa msomaji.

Hiyo ndiyo hali wakati mambo ni shwari, na si mara zote yamekuwa shwari. Mwaka 2018 zilitolewa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni. Kwa mwalimu mwenye cheti aliyekuwa anaanza kazi wakati ule, fedha hizo zilizidi mishahara ya miezi miwili. Sababu za kanuni zile zilielezwa na wahusika na hatuzirudii hapa. Linalotuhusu ni kwamba wenye blogu wengi walifunga milango, na kwamba ada zilipokuja kupunguzwa, wasomaji wa baadhi yao walikwisha kutawanyika. Septemba 2023 Google ilibadilisha namna ya kuzipanga kurasa katika utafutaji wake, na wenye tovuti ndogo katika nchi nyingi wakaona wasomaji wakipungua kwa ghafla. Mei 2024 kampuni hiyohiyo ilianza, kwanza huko Marekani, kuweka juu kabisa majibu yaliyotungwa na akili unde, ili mwenye kuuliza apate jibu bila kulazimika kufungua ukurasa wa mtu yeyote. Mwezi huohuo nyaya za baharini ziliharibika na mtandao ukadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, nchi yetu ikiwamo. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, mtandao ulizimwa nchini kwa siku kadhaa.

Hatuyalinganishi matukio haya, kwa kuwa kila moja lina asili yake. Tunachosema ni kwamba hakuna hata moja ambalo mwenye blogu angeweza kulizuia kwa kuandika vizuri zaidi.

Kwa wale wanaoandika maelezo ya masomo lipo na jingine la nyumbani. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, na masomo ya amali yakapewa nafasi ambayo hayakuwa nayo. Kurasa nyingi zilizokuwa zikiwaletea walimu wasomaji ziliandikwa kwa mtaala uliokuwa ukiondoka. Mwenye kutegemea kurasa hizo tu ni sawa na mwenye duka aliyejaza rafu vitabu ambavyo shule haitaviagiza tena.

Madhara ya kutegemea mlango mmoja hayaishii mfukoni. Mwandishi ambaye chakula cha watoto wake kinatoka kwenye idadi ya watu waliofungua ukurasa, hufika siku idadi hiyo ikapungua. Siku hiyo hujaribiwa. Hunakili habari za wenzake. Huandika kichwa cha habari kinachoahidi jambo ambalo ndani halimo. Huweka tangazo la ajira za serikali ambazo hazipo, kijana wa Sadani akapanda basi kwenda mjini na bahasha ya vyeti bure. Hukubali matangazo ya kubeti kando ya somo la watoto wa darasa la tano. Huandika sifa alizolipwa kuziandika bila kumwambia msomaji kwamba amelipwa. Watu hao hawakuzaliwa waongo. Wengi walianza na nia safi, wakafikishwa hapo na njaa. Kwa mwalimu jambo hili ni zito zaidi, kwa maana jina analolichafua mtandaoni ndilo lile linaloitwa asubuhi mbele ya ubao.

Ni vema pia kukumbuka kwamba waliotangulia katika kazi hii nchini hawakuishi kwa blogu tupu. Ndugu Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005 alikuwa mpiga picha wa gazeti la Serikali la Daily News, na kamera ndiyo iliyoilisha blogu. Ndugu Millard Ayo alijulikana kwanza redioni, kisha akawa na tovuti, kisha akaingia katika video. Kwa wote wawili, mtandao ulisimama juu ya ufundi ambao mtu angeweza kuulipia hata mtandao usingekuwapo.

Je, mwenye blogu wa Mafinga afanye nini? Kwanza aelewe kipi si mlango wa pili. Wapo wanaosema, "Blogu imeshuka, nahamia YouTube." YouTube ni mali ya Google tangu mwaka 2006, na ili kugawana fedha za matangazo mwenye kituo hutakiwa awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi kumi na miwili. Aliyehama hivyo amebadilisha chumba, lakini mwenye nyumba ni yuleyule.

Mlango wa pili ni ule ambao mlipaji wake ni mwingine. Mafinga ni mji wa mbao. Wamo wenye mashine za kupasulia magogo, mafundi wa samani, wenye nyumba za wageni kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na vikundi vya kina mama na vijana. Hao wote wanahitaji mtu wa kuwaandikia maelezo ya bidhaa, kuwapigia picha nzuri, kuwapangia orodha ya bei na kuwatengenezea kurasa zao. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma yanapitia mfumo wa NeST, na fundi anayetengeneza dawati imara kuliko wote mjini anaweza kuikosa zabuni ya madawati kwa kuwa hajui kujisajili humo. Mtu mwenye subira ya kufundisha anaweza kumfundisha kwa siku moja, akalipwa kwa simu jioni hiyohiyo, bila kungoja dola 100.

Ipo pia kazi ya lugha. Umoja wa Afrika uliikubali lugha ya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na UNESCO imeitengea siku ya tarehe 7 Julai kila mwaka. Tafsiri, maandishi ya chini ya filamu, uhariri wa ripoti, na mafunzo ya Kiswahili kwa wageni kwa njia ya video ni kazi zinazofanyika ukiwa Mafinga, mlipaji akiwa Nairobi, Muscat au Berlin. Ajabu ni kwamba walimu wetu wa Kiswahili, wenye ujuzi ambao wengine wanautafuta kwa fedha, huufanya kuwa chambo cha matangazo ya senti.

Na mwenye kuandika masomo aandike kijitabu chake mwenyewe kwa mtaala wa sasa, akiuze kwa nakala. Tunasema chake mwenyewe. Kuchukua vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania na kuviuza kwa jina jingine si kupanua kipato.

Jambo moja linapuuzwa sana. Wenye viwanda vya mbao wa hapa wanajua tofauti kati ya mtu anayesubiri kibali cha kuvuna katika msitu wa Sao Hill na mtu aliyepanda misindano yake. Kwa mwandishi, misindano hiyo ni orodha ya wasomaji wake: majina na anwani za watu waliokubali kwa hiari yao kuandikiwa moja kwa moja. Wasomaji wanaoletwa na Google ni wa Google. Wale walio katika daftari lako watakufuata hata ukibadilisha kazi, ilimradi usiwauze.

Tunajua swali litakaloulizwa na baadhi ya wasomaji wetu wa siku nyingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi, na maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991 yakalilegeza sharti hilo. Je, leo tunawahimiza watumishi wawe na mifuko mitano? Tunajibu kwamba sharti lililegezwa, lakini hofu iliyolizaa ingali halali: kipato cha pili kisije kikamgeuza mtumishi akawapa kisogo wananchi. Kwa hiyo ofisa manunuzi asimsaidie mzabuni yeyote kwa malipo, hata usiku, hata kwa jina la mkewe. Mwalimu asiwauzie wanafunzi wa darasa lake kijitabu chenye somo ambalo amelipwa kulifundisha, wala asilifundishe nusu ili nusu ya pili ikanunuliwe. Waraka wa ofisini haugeuki kuwa habari ya blogu kwa sababu aliyeupiga picha ni mwenye blogu. Na saa za kazi ni za mwajiri.

Kwa upande wao, halmashauri na wakuu wa shule wasimtazame kila mwenye blogu kama mtoro. Vituo vya walimu vipo, na Jumamosi mlango ukifunguliwa, mwalimu mmoja anayejua kutafsiri anaweza kuwaonyesha wenzake kumi namna ya kupanga bei ya ukurasa, namna ya kuandika ankara, na namna ya kutunza hesabu kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato. Hesabu hiyo ianze na daftari la kawaida la mistari: upande mmoja kila shilingi iliyoingia kwa mwezi, upande wa pili jina la aliyeilipa. Jina likiwa ni lilelile ukurasa mzima, mwenye daftari ataiona kazi yake ya mwezi ujao bila kuelezwa na mhariri.