Kamera ya mchango: tusikimbilie 4K, tuangalie GPS

Tangu mchango wa kamera uanze, grupu halilali. Wengi mnataka GoPro mpya kabisa, ile yenye pikseli nyingi kuliko zote, eti tukitoka na ya zamani watatucheka. Jamani, mimi napinga. Tutafute iliyotumika, yenye hali nzuri, na faranga zitakazobaki zinunue vitu vingine.

Sisi tunarekodi nini hasa? Baiskeli siku ya Car Free Day, kupanda Mlima Kigali, na yale mawe ya Kimihurura ambayo dunia nzima iliyaona Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza. Juu ya mawe yale kinachoharibu picha ni mtikisiko. Sasa, GoPro Hero7 Black ya 2018 ndiyo iliyoleta HyperSmooth, yaani kamera yenyewe inatuliza picha wakati inarekodi. Kuanzia hiyo kwenda juu, au DJI Osmo Action ya 2019, inatutosha kabisa.

Halafu hiyo 4K mnayoililia: ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja tu ni GB 45 hivi. Bando la kuipakia atanunua nani? Na wote tunaangalia kwenye simu! 1080p inatosha.

Betri iwe ya kutoka. Zile kamera ndogo sana zenye betri ya ndani, betri ikichoka basi kamera nayo imekwisha. Tuchukue betri mbili, kadi nzuri ya kumbukumbu, na mkanda wa kifuani. Kwa nini kifuani? Ukifunga kamera kwenye helmeti, kila ukigeuza kichwa picha nayo inageuka. Kifuani inaonyesha mikono, usukani na barabara, na sura yako haimo. Kabla ya kulipa, tufungue kile kimlango cha betri tuangalie mpira wake, maana ukipasuka, mvua ya Aprili itaingia yote.

Lakini jambo linaloniumiza kichwa ni GPS, na hakuna aliyeligusa. Hero7 ina GPS. Ikiwa imewashwa, inaandika ndani ya faili mahali ulipopita. (Hero12 waliiondoa, Hero13 wakairudisha, kwa hiyo mpya si lazima iwe afadhali.) Ukimtumia mtu faili lile la asili, mwenye ujuzi anaweza kutoa humo njia yako yote, kuanzia pale ulipobonyeza kurekodi. Na sisi tunabonyeza wapi? Mlangoni kwetu, si ndiyo?

Kwa mtalii hiyo ni raha tu. Humu kwetu kuna wenzetu ambao waliowakimbia bado wanawatafuta. Wengine hata jina la mtaa hawaliandiki humu. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kupanda baiskeli na sisi bila kuogopa kamera iliyo kifuani mwa anayemfuata.

Kwa hiyo pendekezo langu: GPS izimwe siku ile ile tukiinunua, kurekodi kuanzie barabara kubwa, na kadi ishikwe na watu wawili, dada mmoja na kaka mmoja. Video isitoke kabla kila anayeonekana hajasema sawa. Asiyekubali hilo aandike hapa chini kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo tunakwenda kuangalia bei.